Panya Wenye Moyo wa Mama

Kitwana si ndugu yetu, na ukisema ni ndugu mbele yangu nitakukatalia hapohapo. Kitwana ni mtani. Yeye Mnyamwezi wa hapahapa Kariakoo, babu zake waliteremka pwani na mizigo mabegani, sisi Wazaramo. Mtani anakutukana mchana kweupe na huna pa kwenda kushitaki. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kwa nguvu: analala mlangoni maiti isitoke mpaka apewe chochote, anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, mpaka wanaolia wacheke, halafu walie vizuri zaidi.

Kwa kazi hiyo Kitwana hakuwa na mwenzake. Mungu alimpa koo la ajabu. Mtu akifa asubuhi, alasiri Kitwana anakutolea yeye mzima: kicheko chake, anavyomwita muuza kahawa, hata anavyovuta makamasi. Mimi nauza udi, ubani, marashi na bafta ya sanda Mtaa wa Sikukuu, misiba ya Kariakoo inapita mezani kwangu kwanza, kwa hiyo najua ninachosema. Watu walikuwa wananunua sanda huku wananiuliza, "Bi Mgeni, na yule mtani wenu tunampataje?"

Mama yetu, Bi Chiku, alikufa akitoka Mnazi Mmoja. Tairi la lori lilipasuka karibu naye, akakaa chini barabarani kama anayepumzika, basi. Kaka yake alishatangulia, yeye alidondoka Magogoni akikimbilia pantoni. Dada yao naye alikufa kwenye msiba wa huyo kaka, jeneza linatoka. Upande wa mama watu walikuwa wanaondoka hivyo, wazima, ghafla, na mara nyingi msibani. Majirani walisema msiba wa kina Chiku hauondoki mikono mitupu. Mimi nilikuwa nawaambia wafunge midomo yao.

Sasa siku tunamzika mama, wanaume wamerudi makaburini, watu wanakunywa chai uani. Kitwana akatoka nyuma ya pipa la maji amejifunga khanga za mama, ameinamisha bega moja vilevile alivyokuwa akiliinamisha, akaita kwa sauti yake: "Idrisa! We Idrisa!"

Idrisa alikuwa kaka yangu, na alikuwa rafiki wa Kitwana wa kula sahani moja. Alishtuka, chai ikamwagika. Akaitika, "Labeka, mama," akasimama, akaanguka. Tukacheka. Tulidhani kaunga utani, maana naye alikuwa mtu wa mizaha. Kikombe kilibingirika mpaka ukutani kikasimama, na sisi bado tunacheka.

Mtaa ulisema mama kamwita mwanawe, na mwanawe kakosea kuitika. Shekhe alisema ni siku yake ilifika. Toka siku ile Kitwana hakumwigiza maiti yeyote tena, na akiombwa alikuwa anaondoka. Mke wa Idrisa alikuwa na mtoto mchanga, Husna. Baadaye aliolewa Tanga, mtoto akabaki kwangu na kwa baba yangu, Mzee Mwinyimvua. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo ukinigusia Husna umenigusa jichoni.

Miaka mingi baadaye wakaja watu wa kutupima. Kuna nyumba ya utafiti kule Upanga, ya ghorofa, ina viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa. Walikuwa wanatafuta ukoo ambao watu wake hufa ghafla. Daktari Elisaria akaja mwenyewe, akakaa juu ya mkeka, akatutoa damu. Majibu yalipotoka alituita wote akatueleza taratibu. Ndani ya moyo kuna vijilango vidogo mno, vinafunguka na kufungwa kila pigo. Kwetu sisi, damu ya mama ilirithisha kosa dogo, vijilango vile vikawa na bawaba mbovu. Mtu akitulia hana tabu. Akishtuka, akikimbia, akipandwa na hasira, mlango haufungi sawasawa, mapigo yanavurugika, moyo unatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Dakika chache, mtu kaisha.

Baba hana, yeye si wa damu ile. Mimi sina, pamoja na hasira zangu hizi zote. Husna analo.

Akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote. Asikimbie, asiogelee, asishtuliwe. Hilo la mwisho aliambiwa mtu anayeishi Kariakoo, ambako watu wanauza sufuria kwa kuzigonga. Nilimwuliza daktari kama anatutania na yeye.

Kitwana alikuwapo siku ile, kakaa mlangoni. Wiki hiyohiyo aliacha kubeba marobota Mtaa wa Kongo akaenda Upanga kuomba kazi, akapewa ya kutunza panya. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Mpagazi wewe, mizigo imekushinda sasa unabeba mavi ya panya?" Hakujibu tusi kwa tusi, na kwa mtani hiyo ni dalili mbaya.

Panya wenyewe nilikuja kuwaona siku niliyompeleka Husna kliniki. Kitwana alimwomba daktari ruhusa, tukasimamishwa nyuma ya kioo. Hawakuwa panya hawa wa jalalani, walikuwa weusi, wadogo, wasafi kuliko watoto wa watu. Daktari Elisaria akatueleza kuwa wenzao wa ng'ambo walilichukua kosa lile la damu yetu wakaliweka kwenye mbegu ya panya, likazaliwa nalo kundi zima. Dawa mpya inajaribiwa kwao kwanza. Wakipona wao, ndipo inafikiriwa kwa watu.

"Kwa hiyo hawa wana moyo wa mama," nikasema.

"Wana kosa lilelile, Bi Mgeni. Moyo ni wa panya."

Sawa, yeye ndiye aliyesoma. Lakini mimi sikuacha kuwaangalia wale viumbe. Kila mmoja alikuwa na kidude chini ya ngozi kinachotuma mapigo yake kwenye skrini ukutani, mistari mingi ya kijani inarukaruka. Safu ya kushoto walikuwa wa damu yetu, ya kulia wa kawaida. Husna akaanza kuwahesabu ndugu zake wenye mikia, anacheka. Nikamfinya.

Hapo mtu akaangusha trei ya chuma kwenye korido.

Panya wa kulia waliruka kidogo, wakarudi kula. Kushoto mistari ikachafuka. Mmoja alikuwa amesimama na punje mikononi; akabaki ameishika. Mstari wake ulijisokota juu chini, juu chini, ukanyooka. Yeye akalala ubavu polepole, punje haijamtoka. Nilikuwa namwona Idrisa akifa mara ya pili, safari hii naandikiwa ukutani.

Husna alishika mkono wake mwenyewe, kidole kwenye mshipa, walivyomfundisha. Alikuwa mzima. Alikuwa amemeza dawa, na trei aliiona inateleza kabla haijaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa sakafuni.

Ndipo Kitwana, aliyekuwa ndani na panya, akakohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu "Ehe" ya puani. Nikageuka nyuma mara moja, maana kile kilikuwa kikohozi cha baba yangu. Mzee Mwinyimvua hajawahi kupiga hodi maishani mwake. Popote anapoingia anakohoa hivyo, na wewe unajipanga. Niliapa amenifuata Upanga, na miguu yake mibovu ile.

Panya wa kushoto wote waligeuza vichwa upande mmoja, kwa Kitwana. Mistari ikatulia, mmoja baada ya mwingine. Wa kulia hawakugeuka hata mmoja.

Daktari akasema si muujiza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza Kitwana asiingie kimya, awape sauti moja ileile kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, wamzoee. Wale wa kulia wanatunzwa na mtu mwingine. Niliamini, na bado naamini. Ila mmoja katika wale wa kushoto aliacha kumwangalia Kitwana akawa ananiangalia mimi, na bega lake moja lilikuwa limeinama. Nikamwambia Husna twende zetu.

Huko nje nikamsubiri Kitwana. "Sauti zote za dunia, umechukua ya baba?"

"Ndiyo iliyonijia," akasema.

Haikupita muda akaihamishia nyumbani. Asubuhi nakoroga uji, nasikia baba anakohoa uani. Nachukua kikombe nampelekea, namkuta baba kitandani chumbani kwake, miguu yake ishakataa kutembea toka mfungo uliopita. Natoka nje, Kitwana huyo, kasimama karibu na Husna anakohoa. Na Husna anafua, anamwambia, "Shikamoo babu," anacheka.

Niliwaka. Kumwigiza marehemu ni utani. Kumwigiza mtu aliye hai namna ile, mgonjwa, kitandani, ni uchuro, unamwitia kifo. Kila mtu wa pwani anajua. Nilimfuata Kitwana na mwiko. "Unamchuria baba yangu! Ulianza na kaka, sasa unamalizia na baba?"

Hilo la kaka nililisema, ndiyo. Lilimpata. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia kwa macho mekundu.

"Mgeni," akasema, "mzee atakufa. Nisikohoe, atakufa. Nikikohoa, atakufa. Siku hiyo watani watakuja, na si mimi peke yangu. Watatoka Manzese, watatoka Temeke, na kila mmoja atataka aonekane fundi. Mmoja atavaa kanzu ya mzee, atamtokea Husna kwa nyuma. Wewe utaweza kuwazuia wote?"

Msiba usio na watani kwetu ni sawa na kumtupa mtu. Na humwambii mtani asije. Ukimkataza ndiyo umempa sababu.

"Nataka siku hiyo asikie kitu alichokwisha kukizoea," akasema. "Basi."

Nikaenda kwa Daktari Elisaria nikitegemea atanisaidia kumpiga marufuku. Akasema, "Dawa ndiyo inayomlinda, asikose hata siku moja. Na panya si mtu, msije mkajidanganya. Lakini kumzoesha kwa upole, mchana, anajua kinachokuja, hakutamdhuru."

Aliyenimaliza ni baba mwenyewe. Aliyasikia yote dirishani. Akamwita Kitwana chumbani, akamwambia, "Kikohozi umekipata. Mwendo bado. Mimi natanguliza mguu wa kushoto, wewe unatanguliza wa kulia, mpagazi mkubwa wee." Akampa bakora yake na kofia. Akageuka kwangu: "Mwanangu, nikifa nataka mjukuu wangu anizike, asizikwe na mimi."

Basi nyumba yetu ikawa na Mwinyimvua wawili. Mmoja ndani anapungua, mmoja uani anaongezeka. Baba alipoacha kuweza kukohoa kwa nguvu, kikohozi chake kilikuwa kimehamia nje, na kilikuwa kizima, cha miaka yake ya nyuma. Wateja waliokuja nyumbani kunifuata walikuwa wanauliza, "Mzee kapona?" Wakati mwingine Kitwana alikuwa anaanza sentensi na baba anaimalizia kutoka ndani, na mara moja ikawa kinyume chake, baba akaanza, akachoka, na Kitwana akaimalizia akiwa hayuko karibu hata kusikia. Alikuwa barazani anakunywa kahawa, mimi nikiwa koridoni kati yao. Nilimwuliza kajuaje. Akasema hakujua kama amesema kitu.

Sikupenda. Nilikuwa nafukiza ubani kila jioni, bidhaa yangu mwenyewe nikiimaliza bure.

Asubuhi moja nipo jikoni, Husna anakatakata vitunguu kizingitini. Uani pakasikika vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, "Ehe."

"Shikamoo babu," Husna akasema, bila kuinua kichwa.

"Marahaba."

Nikapaza sauti, "Kitwana, leo sina uji wa kukupa, hamia kwa wenzako!" Nikatoka. Uani hapakuwa na mtu. Mlango wa nje ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikaingia chumbani kwa baba nikamkuta ameshakufa, mikono imekuwa baridi, si kufa kwa dakika ile. Kitwana alikuwa Upanga anawalisha panya. Nilimpigia simu, na nikasikia vyuma vya vizimba nyuma yake.

Aliyeitika marahaba ni nani, mimi siulizi tena. Nimeuza sanda miaka mingi, kuna vitu nimejifunza kuvipita.

Kilichonitia wazimu saa ile ni Husna. Msiba ulikuwa umeingia nyumbani, msiba wa kina Chiku usiotoka mikono mitupu, na mwenye kosa lile la damu ya Chiku aliyebaki alikuwa yeye peke yake. Nikamwambia kwa upole, nimemshika mabega, babu yako ametuacha. Alilia. Akameza kidonge chake kwa machozi. Nikabeba akili yangu yote nikaiweka kwenye mshipa wa mkono wake.

Walijaa. Maturubai yalifunga nusu ya barabara. Watani walikuja, kweli kutoka Manzese, kweli kutoka Temeke, mmoja keshaulizia kanzu ya mzee iko wapi. Kitwana akasimama mlangoni mwa ua, kanyoosha mikono huku na huku. Akasema, "Marehemu huyu ni wangu. Atakayemgusa aniue kwanza, kesho aniigize na mimi." Walicheka, wakaona ni utani. Lakini hakuna aliyepita.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini Kisutu, Kitwana alikuja kwanza kwa Husna, kwa uso wake mwenyewe. Akamwambia, "Sasa nakwenda kuvaa. Nitatokea mlango ule. Au nisije?" Husna akatikisa kichwa. "Njoo," akasema. Mimi nilikuwa nimeshamshika mkono, penye mshipa.

Akatokea. Kanzu, kofia, bakora, mguu wa kushoto mbele. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu. Wanawake waliinuka kwenye mikeka, wengine wakafunika nyuso, bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Maana yule hakuwa mtu anayemwigiza Mwinyimvua. Alikuwa Mwinyimvua, anauliza kwa nini pilau ya msiba wake imekosa viazi, na nani amempa ruhusa shemeji yake kukalia kiti chake.

Chini ya kidole changu mshipa wa Husna ulikwenda mbio, ukapunguza, ukakaa. Pigo, pigo, pigo. Nilikuwa nasubiri ujisokote kama ule mstari. Haukujisokota. Husna alicheka mpaka akaegemea ukuta, akalia, akacheka tena, na ua mzima ukalia naye. Tulimuaga baba yangu vizuri kuliko alivyoagwa mtu yeyote kwetu.

Watu walipopungua, Kitwana alivua kofia akakaa kwenye mkeka, jasho linamtiririka. Alionekana mzee. Nilimpa maji, na nikamwambia asante, neno ambalo mtani hapewi.

Husna akaja akakaa mbele yake, miguu ameikunja.

"Sasa niitie baba," akasema.

Kitwana akaweka glasi chini.

"Nilikuwa mchanga," Husna akasema. "Sijawahi kumsikia. Watu wote hapa wamemsikia isipokuwa mimi."

"Huyo siwezi," Kitwana akasema. "Mwingine yeyote. Huyo hapana."

"Unaweza. Unaogopa."

Kitwana aliniangalia mimi, nimkatalie mtoto. Na mimi nilikuwa na haki ya kukataa, dada wa marehemu, niliyemwita mwuaji kwa mwiko mkononi. Nilitaka kukataa. Lakini nilikumbuka kwamba hata mimi sauti ya Idrisa imenitoka. Sura ninayo, sauti imekwenda. Nikasema, "Mpe."

Kitwana alifumba macho. Halafu kaka yangu akasema, palepale, pembeni ya pipa la maji, kwa ile sauti yake ya kukwaruza iliyokuwa ikinichosha tukiwa wadogo: "Husna. We Husna. Umekuwa mkubwa."

Nilijiziba mdomo kwa khanga. Kitwana alikuwa analia, macho bado kafumba.

Husna hakulia. Alikaa amenyooka, kidole chake kwenye mshipa wake mwenyewe, midomo inahesabu. Alihesabu mpaka akaridhika.

"Tena," akasema.